Saratani Haibishi Hodi: Virusi Vinavyoharibu Mtaa Mwilini

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto wanne, alinijia jioni baada ya Magharibi akiwa na karatasi mkononi. Bintiye alikuwa ametoka nayo shuleni. Karatasi hiyo iliwaarifu wazazi kwamba wauguzi watafika kuwadunga wasichana waliotimiza miaka 10 chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi.

"Kaka, wewe ni mtu wa kusoma," aliniambia baada ya kuamkiana. "Mwanangu huyu hata hajavunja ungo. Maradhi ya kizazi yamhusu nini? Mbona wasingoje akue, aolewe, kisha aamue mwenyewe na mumewe?"

Nilimwambia kwamba swali lake ni la haki, nikamwomba anipe siku chache. Sikutaka kumjibu kwa uvumi, maana juu ya chanjo hii uvumi umekuwa mwingi kuliko chanjo yenyewe. Nikasoma, nikauliza wanaojua, kisha nikamrudia. Niliyomweleza nayaandika hapa kwa faida ya kila mzazi aliyepokea karatasi kama ile akaiweka chini ya mto.

Jawabu kwa ufupi ni hili. Virusi viletavyo saratani haviingii mwilini leo vikafanya uvimbe kesho. Kwanza huharibu ujirani. Huwalaza walinzi, hughushi amri, hujifungulia njia za chakula, na kazi hiyo huchukua miaka. Uvimbe unapoonekana, mtaa mzima umekwisha kuwa wao. Ndiyo maana mwenye kutaka kuzuia hana budi kuja mapema.

UVIMBE SI KITU KIMOJA

Wengi wetu tukisikia neno saratani, tunafikiri ni kipande cha nyama mbovu kilichoota mahali pasipostahili. Hata mabingwa wa tiba kwa muda mrefu walishughulika zaidi na zile seli mbovu zenyewe, yaani chembe hai ndogo ndogo ambazo mwili umejengwa kwazo. Walitaka kujua kwa nini zimeasi na kuzaana bila mpaka.

Lakini uvimbe ukikatwa na kutazamwa kwa darubini, haumo seli mbovu tu. Imo mishipa ya damu. Zimo nyuzi zinazoshikanisha nyama. Zimo chembe nyeupe za damu za kila aina, ambazo ndizo askari wa mwili. Baadhi ya uvimbe huwa na chembe hizi za kawaida nyingi kuliko seli za saratani zenyewe. Mkusanyiko huo wote ndio unaoitwa mazingira ya uvimbe.

Tuchukue mfano wa mitaa yetu ya zamani, kama Kibokoni hapa Mombasa au Mkomani kule Lamu, ambako nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta. Mgeni akipita, bibi aliye dirishani anamwona. Mwenye duka anamuuliza anakwenda kwa nani. Vijana wa barazani wanamfuata kwa macho mpaka aishie kona. Mwizi hawezi kuweka makao katika mtaa kama huo, ila kwanza amhadae mwenye duka, amlevye mlinzi, na awafanye wazee waone kuwa yeye ni mtu wa nyumbani.

Miili yetu ni mtaa wa namna hiyo. Kila siku seli fulani huharibika, na kila siku askari huziona wakaziondoa, wala sisi hatuna habari. Saratani hupata nafasi pale ambapo ujirani huo umevunjika. Zipo njia nyingi za kuuvunja, lakini virusi ni mafundi wa kazi hiyo, kwa kuwa maisha yao yote ni kuishi ndani ya mwenyeji bila ya kufukuzwa. Kati ya kila watu 100 wanaoshikwa na saratani duniani, karibu 13 wameipata kwa sababu ya vijidudu vya kuambukiza, na katika nchi zetu za Afrika fungu hilo ni kubwa zaidi.

KISA CHA KAMPALA

Habari hii ina mizizi yake Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akiona kwa jicho moja tu, aliitwa na mwenzake, Dakta Hugh Trowell, amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto alikuwa amevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Muda mfupi baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, Burkitt alitazama dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vivyo hivyo. Akajua kwamba hayo si mambo ya sadfa.

Aliandika habari za maradhi hayo mwaka 1958. Kisha mwaka 1961, yeye na madaktari wawili wenzake, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu aina ya Ford wakasafiri maili 10,000 kutoka Kampala kuelekea kusini mwa Afrika, wakipita hospitali baada ya hospitali na kuuliza: je, mmewahi kuwaona watoto kama hawa? Ramani waliyotoka nayo ilikuwa ya ajabu. Uvimbe ule ulipatikana mahali pa joto na mvua, penye malaria nyingi. Nyanda za juu zenye baridi haukuwako. Katika Kenya, uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba watoto wengi waliougua walitoka kandokando ya Ziwa Victoria na huku kwetu Pwani.

Machi 1961, Burkitt alitoa mhadhara London. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo kijana mtaalamu wa virusi, Anthony Epstein. Aliposikia kwamba saratani hii inafuata hali ya hewa, alishuku kuwa kuna kijidudu ndani yake. Basi vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu.

Desemba 1963, ndege iliyochukua kipande kimoja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester badala ya London. Chupa ilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka, ikadhaniwa kwamba kila kitu kimeoza. Kumbe ule uchafu ulikuwa ni seli za uvimbe zilizochomoka zikawa zinaelea, nazo zi hai. Epstein na wenzake, Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wa Ireland, walizikuza, na mwaka 1964 wakakiona kirusi kwa darubini ya elektroni. Kirusi hicho kikaitwa kwa majina ya wawili kati yao, Epstein-Barr. Kilikuwa ndicho cha kwanza kujulikana kuhusiana na saratani ya binadamu, na chupa iliyokifichua ilitoka Uganda.

ANGA LA NYOTA

Lakini papo hapo kukatokea kitendawili. Kirusi hiki hupita kwa mate, na zaidi ya watu wazima 90 katika kila 100 duniani wanacho. Mimi ninacho, na yaelekea nawe msomaji unacho. Mbona basi hatuugui sote?

Jawabu limo katika mtaa, si katika mgeni peke yake. Mtoto anayeugua malaria kila mara, askari wake wa mwili huchoka. Tena malaria huzichochea seli zile zile ambamo kirusi kimejificha, zikawa zinazaana kwa wingi. Katika kuzaana huko, siku moja seli moja hukosea katika kunakili maandishi yake ya ndani, na kosa hilo huifanya izaane bila kikomo. Kirusi kilikuwamo, malaria ikafungua mlango.

Waliotazama uvimbe wa Burkitt kwa darubini waliupa sifa ya kupendeza kuliko maradhi yenyewe: anga la nyota. Seli za saratani zimejaa nyeusi tititi kama usiku, na katikati yake kuna madoa meupe yaliyotawanyika. Kila doa ni askari mkubwa ambaye kazi yake ni kumeza mizoga. Ungedhani kuwapo kwao ni dalili ya vita. Lakini katika uvimbe huu wao humeza seli zilizokufa kimya kimya bila ya kupiga mbiu, na baadhi ya vitu wanavyotoa husaidia zile hai kukua. Wamegeuka wazoa taka wa adui.

Kirusi nacho hakijionyeshi. Karibu kazi zake zote hukizima, kikabakiza kitu kimoja tu cha lazima kwa uhai wake, na hicho kimoja kimeumbwa namna ambayo askari hawakitambui kwa urahisi. Seli nazo hupunguza vile vitambulisho vya juu ya ngozi yake ambavyo kwavyo askari hujua ndani mna nani.

Heri iliyopo ni kwamba uvimbe huu hutii dawa. Burkitt mwenyewe aliona watoto wakipona kwa dawa za kuua seli, na hata leo wengi hupona wakiwahishwa. Mzazi wa Pwani akiona taya au tumbo la mtoto linavimba kwa haraka, asikae akingoja lipoe. Ni hospitali siku hiyo.

WALINZI WALIOLALA

Sasa twende kwenye ile karatasi ya jirani yangu. Saratani ya mlango wa kizazi, karibu yote, huletwa na virusi vya papiloma, ambavyo kwa kifupi huitwa HPV. Viko vya aina nyingi. Vingine huleta chunjua za mikononi tu, wala havidhuru. Lakini aina mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha karibu saratani 70 kati ya kila 100 za mlango wa kizazi. Aliyezigundua ndani ya saratani hiyo, mwaka 1983 na 1984, ni bingwa wa Kijerumani, Harald zur Hausen, naye akapewa nishani ya Nobel mwaka 2008.

Virusi hivi hupita watu wanapokutana kimwili. Hapa ndipo aibu inapowafunga midomo wengi, na ndipo inapotupasa kusema wazi. Mke aliyetulia nyumbani kwake maisha yake yote anaweza kuvipata kwa mumewe, na mume huyo huenda alivipata miaka mingi kabla ya kumwoa, wala hana dalili yoyote. Kuwa navyo si ushahidi wa uovu wa mtu. Kwa hakika, watu wengi walio katika ndoa hupatwa navyo wakati fulani, na kati ya kila 10 wanaopatwa, karibu tisa mwili huvifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili. Hatari ni kwa yule mmoja ambaye kwake vimekaa.

Je, hukaaje? Kirusi huingia kwa mchubuko mdogo usioonekana, kikashuka hadi seli za chini kabisa za utando wa mlango wa kizazi. Hakiingii katika damu. Hakiui seli. Hakileti joto wala maumivu, kwa hiyo hakuna king'ora kinacholia. Katika utando huo kuna walinzi wenye mikono kama matawi ya mti, ambao kazi yao ni kumkamata mgeni na kumpeleka kwa askari. Aliwagundua mwanafunzi mmoja wa udaktari wa Kijerumani, Paul Langerhans, mwaka 1868, na ndiye waliyeitiwa jina. Kirusi hukatiza ishara zinazowaita na kuwashikilia pale, nao wakapungua. Dirisha lile la bibi likawa tupu.

Wakati huo huo kirusi hutengeneza vitu viwili ambavyo wataalamu huviita E6 na E7. Kila seli ya binadamu ina breki mbili kubwa: moja huizuia kuzaana ovyo, na ya pili huiamrisha ijiue ikiwa imeharibika. E7 huikata ile ya kwanza, na E6 huiharibu ile ya pili. Seli hubaki kama gari lisilo na breki katika mteremko, lakini bado gari halijaanguka. Huweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuwa saratani. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, muda huo huweza kuwa miaka mitano hadi 10 tu. Anayeishi na virusi vya Ukimwi ana hatari ya saratani hii mara sita kuliko mwenzake, kwa sababu askari wa mtaa wake ni wachache tangu mwanzo.

Katika miaka hiyo mtaa huendelea kugeuzwa. Askari wanaofika mwishowe huwa si wale wa kupigana. Mwilini mna askari wasuluhishi, ambao kazi yao ya halali ni kusema "basi, imetosha" vita vinapokwisha, ili mwili usijidhuru. Hao huja kwa wingi, wakawatuliza wenzao kabla ya vita kuanza. Wala mizoga nao hugeuka, wakawa wanatoa vitu vya kuponya vidonda na kulisha nyama mpya, na nyama yenyewe ni ya saratani. Kisha zile seli zilizoasi hutoa wito wa kuita mishipa mipya ya damu, kama mtu anayejivutia bomba la maji nyumbani kwake kwa siri. Mishipa hiyo ni dhaifu na hupasuka upesi. Ndiyo sababu ya ile damu inayomtoka mwanamke nje ya siku zake, au baada ya kukutana na mumewe, au baada ya kukoma hedhi kabisa.

Damu hiyo wengi huificha. Wengine huenda kwa mganga wakaambiwa wamechezewa. Lakini tukijua kazi iliyokwisha kufanyika ndani, tutafahamu kwamba damu hiyo si mwanzo wa maradhi. Ni habari iliyochelewa. Kila mwaka katika Kenya zaidi ya wanawake 5,000 hugunduliwa kuwa na saratani hii, na zaidi ya 3,000 hufa kwayo.

NJIA NYINGINE, NIA ILE ILE

Si virusi vyote vinavyowalaza walinzi. Kirusi cha homa ya ini aina ya B, ambacho Baruch Blumberg wa Marekani aliigundua alama yake katika damu mwaka 1965, hufuata njia iliyo kinyume. Mtoto anayeambukizwa na mamaye wakati wa kuzaliwa aghalabu hubaki nacho maisha yake yote. Askari wanakiona, lakini hawawezi kukimaliza. Basi hupigana nacho miaka 20, 30, 40, wakiunguza nyumba za watu wasio na hatia. Ini huungua likapona, likaungua tena likapona, mpaka linajaa makovu. Katika makovu hayo ndimo saratani ya ini inamozaliwa. Sumu ya ukungu iliyomo katika mahindi au njugu zilizooza ikiongezeka juu yake, mambo huwa mabaya zaidi. Chanjo yake hutolewa kwa watoto wachanga wa Kenya tangu mwaka 2001.

Kipo pia kirusi cha saratani ya Kaposi, ile yenye mabaka ya zambarau juu ya ngozi. Maradhi yenyewe yalielezwa na daktari Moritz Kaposi wa Vienna mwaka 1872, na kirusi chake kikagunduliwa mwaka 1994 na mume na mkewe huko Marekani, Patrick Moore na Yuan Chang. Hiki ni stadi wa kughushi. Kina nakala ya barua ambazo mwili hutumia kuwaamuru askari na kuita mishipa ya damu, na huzituma kwa jina la mwenye nyumba. Mwili hutii kwa kudhani amri ni yake. Rangi ile ya zambarau ni ya damu iliyojaa katika mishipa isiyokuwa na haja.

Kujua mambo haya kumeleta dawa za namna mpya. Mwaka 2018 James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa nishani ya Nobel kwa kuonyesha kwamba askari waliofungwa breki na saratani wanaweza kufunguliwa wakapigana tena. Dawa hizo sasa hutumiwa hata kwa saratani ya mlango wa kizazi. Lakini bei yake ni ya kuuza shamba, na si kila mgonjwa humfaa. Kwa mtu wa Pwani wa kipato cha kawaida, dawa ya kutegemea ni kumzuia mgeni asipate makao.

KWA NINI MIAKA KUMI

Hapo ndipo tunaporudi kwa binti wa jirani yangu. Chanjo hii huwafunza askari sura ya kirusi kabla hakijafika. Kirusi kikija baadaye, hata kama ni katika ndoa ya halali baada ya miaka 15, hukutana na walinzi mlangoni. Lakini kikiwa kimekwisha kuingia na kuharibu ujirani, chanjo haiwezi kukitoa. Haikufanywa kwa kazi hiyo.

Huko Sweden, mwaka 2020 watafiti walichapisha hesabu ya wasichana na wanawake zaidi ya milioni moja na nusu. Waliochanjwa kabla ya kutimiza miaka 17, hatari yao ya saratani ya mlango wa kizazi ilipungua kwa asilimia 88. Waliochanjwa wakiwa wakubwa zaidi ilipungua kwa asilimia 53. Chanjo ni ile ile, tofauti ni wakati. Kwa hiyo kumchanja mtoto wa miaka 10 si kumdhania mabaya. Ni kama kutia dawa ya mchwa katika boriti kabla ya kuezeka.

Katika Kenya chanjo hii ilizinduliwa Oktoba 2019 hapa hapa Mombasa. Jirani yangu alikuwa amesikia kwamba inaua kizazi, na kwamba ndani yake mna vitu vya haramu. Nilimweleza kwamba chanjo iliyoanza kutolewa mwaka huo imetengenezwa kwa hamira. Hamira hiyo hufundishwa kutoa ganda tupu la kirusi, lisilo na kitu ndani, kwa hiyo haliwezi kuambukiza wala kuleta saratani. Ama kuhusu kizazi, mamia ya mamilioni ya sindano zimekwisha kudungwa duniani kote, na uchunguzi haukuona kwamba zinaleta utasa. Kinachoua kizazi ni saratani yenyewe, kwa kuwa tiba yake mara nyingi ni kuondoa tumbo la uzazi au kulichoma kwa miale.

Kwa miaka mingi zilikuwa zikitolewa sindano mbili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hata sindano moja yaweza kumtosha msichana mwenye afya njema. Mzazi amuulize muuguzi wa zahanati yake utaratibu ulivyo.

"NA MIMI JE, KAKA?"

Nilipomaliza, jirani yangu alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo, nakiri, sikulitazamia. "Mwanangu nimefahamu. Na mimi je, kaka? Mimi nina miaka 38, nimezaa mara nne. Kama mgeni huyo ameshaingia kwangu, nimechelewa?"

Hapo ndipo ile miaka 15 hadi 20 inapogeuka kuwa rehema. Mtaa hauharibiki kwa usiku mmoja, na mabadiliko ya mwanzo huweza kuonekana. Chombo chenyewe kimo jikoni: siki. Muuguzi hupaka siki nyepesi juu ya mlango wa kizazi kwa pamba, akangoja kama dakika moja. Seli zilizoanza kugeuka huwa nyeupe, zile nzima hubaki na rangi yake. Pakionekana doa ambalo bado si saratani, hugandishwa kwa baridi kali au kuchomwa kwa joto, na aghalabu mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Siku hizi kipo pia kipimo cha kutafuta kirusi chenyewe, ambacho ni bora zaidi, na mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe ute kwa kijiti cha pamba pasipo mtu kumtazama.

Shirika la Afya Duniani hushauri wanawake waanze kupimwa wafikapo miaka 30, na wale wanaoishi na virusi vya Ukimwi waanze wakiwa na 25. Mwenye kuona haya ana haki ya kuomba ahudumiwe na muuguzi wa kike. Stara ni jambo jema, na dini yetu imeiamrisha. Lakini dini hiyo hiyo imetuamrisha kujitibu, na hakuna anayesema kwamba stara ni kufa na siri.

Waume nao wasiseme haya ni mambo ya wanawake. Nauli ya kwenda kliniki aghalabu hutoka mfukoni mwao, na neno la "nenda" au "usiende" hutoka kinywani mwao. Kirusi chenyewe, kama tulivyoona, mara nyingi kilipitia kwao.

Jirani yangu aliikunjua ile karatasi juu ya paja lake, akaomba kalamu, akatia sahihi. Kisha akaniuliza kliniki ya akina mama hufunguliwa siku gani. Nilimwambia aulize mapokezi kesho asubuhi. "Nitakwenda na dada yangu," alisema. "Naye ana miezi mitatu anatokwa na damu, ametukataza tusimwambie mtu."